Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoka Pomboo wa Kizimkazi hadi Makachu ya Forodhani

Saa 10 na robo alfajiri

Wageni wengi wanaokuja Unguja hupanga likizo kwa tarehe ya ndege na ya hoteli. Sisi tunaowatembeza tunapanga kwa maji. Leo ni bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Maji yamejaa sasa hivi tukiwa bado gizani, yatakupwa kabisa kama saa 4 na nusu asubuhi, yatarudi kujaa jioni. Kwa hiyo baharini tunakwenda mapema, Paje tunafika bahari ikiwa imekauka, msituni mchana, mjini jioni. Siku ya maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, ningewapangia safari nyingine kabisa, na mwongozaji anayekuuzia ratiba ileile kila siku ya mwezi, muulize kama anajua kuogelea.

Nikisha kuswali napitisha kitambaa kwenye viti vya Noah. Maji ya kunywa, tangawizi mbichi kwa atakayechafukwa na roho, vibali vyangu mbele, maana trafiki wa njia ya kusini huamka kabla ya jogoo.

Saa 11 na dakika 10

Nawachukua kwenye nyumba ya wageni Malindi, hapa Mji Mkongwe. Ni familia kutoka Dodoma: baba, mama, watoto wawili na bibi mzaa mama. Wameshuka na treni ya SGR mpaka Dar, kisha boti. Desemba shule zimefungwa, na siku hizi nawapata Watanzania wenzangu wa bara wengi kuliko nilivyozoea nilipoanza kazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Huko tunakokwenda kuna choo?"

Kipo. Tukatoka kwa amani.

Kabla hatujafika Tunguu ninawaeleza jambo moja ambalo napenda lisemwe garini, si kwenye mashua: tunakwenda kuwatazama pomboo, hatuendi kuogelea nao. Wakipenda kuja karibu watakuja. Wasipopenda, tutakuwa tumeona bahari. Baba akacheka kwa adabu, lakini nilimwona kwenye kioo akimtazama mkewe. Kwenye mtandao alikuwa ameahidiwa kitu kingine, na wala simlaumu. Sisi wenyewe watu wa kazi hii ndio tuliozitangaza zile picha.

Saa 12 na nusu, Kizimkazi Mkunguni

Kizimkazi ni vijiji viwili, Mkunguni na Dimbani, na siku hizi kila mtu anaijua kwa kuwa ndiko kwao Rais Samia. Zamani tulikuwa tukielekeza kwa pomboo, sasa wageni wa bara wanaanza kuuliza nyumba.

Nahodha wangu ni mtu mzima, nampa shikamoo na yeye ananiita mwanangu. Ameshavaa kikoi, mashine imeshafungwa. Bibi aliiangalia mashua, akaangalia maji, akasema yeye anabaki. Mwanawe akaanza kumbembeleza. Nikamwomba amwache, maana mtu mzima akisema hataki bahari, bahari haimdai kitu. Tukamkabidhi kwa wauza vitumbua pale chini ya mti, tukawavisha watoto jaketi za kujiokolea, tukaondoka.

Eneo hili lote la maji ni Hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyoanzishwa mwaka 1997. Pomboo wanaoonekana hapa ni wa aina mbili: wale wa pua ya chupa, ambao ndio wengi na ndio wachangamfu, na wale wa nundu, ambao ni waoga. Wote hukaa karibu na pwani mwaka mzima, ndiyo maana mgeni akija mwezi wowote ana bahati yake. Na ndiyo maana pia hawana pa kukimbilia.

Dakika kama 20 hivi tukaziona mashua kabla ya kuwaona pomboo. Zilikuwa zimekusanyika, na kila pezi lilipochomoza zote ziligeuka pamoja, mashine zikaunguruma, watu wakahesabiwa moja, mbili, tatu, chupwi! Wakatumbukia na miwani yao ya kuzamia pale ambapo pomboo walikuwa nusu dakika iliyopita. Kisha wanapandishwa, mbio tena.

"Kaka, sasa mbona wenzetu wanaruka?" baba akauliza.

Nilimwachia nahodha ajibu, kwa sababu yeye anaijua hadithi hii kutoka upande wa pili. Kabla ya utalii wa pomboo kuanza hapa miaka ya 1990, wavuvi wa Kizimkazi walikuwa wakiwachoma pomboo kwa chusa, mkuki wa kuvulia, wapate chambo cha papa. Kijana wa wakati ule alimjua pomboo kama nyama ya kufungia ndoana. Kisha ikaonekana kwamba aliye hai analeta pesa leo na kesho, chusa zikawekwa. "Sasa tunamuua kwa mashine," nahodha akasema, akazima ya kwake.

Alitia chumvi kidogo, lakini si sana. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa hapa kwa miaka wameeleza kwamba mashua zikiwazonga wanapunguza kupumzika na kula, wanabaki kusafiri tu. Mama mwenye mtoto ndiye anayeumia zaidi, maana pomboo mchanga hunyonya chini ya maji huku wanaogelea. Ukimtawanyisha kila dakika, atanyonya saa ngapi?

Tukakaa. Upepo wa kaskazi ulikuwa mdogo, mashua inayumba taratibu, mtoto wa kike akaanza kutafuna tangawizi kwa uso wa mtu aliyeonewa. Mashua za watu zikaondoka na kundi lao kuelekea kusini. Muda ukapita kiasi cha baba kuanza kutazama saa. Kisha nyuma yetu, si mbele tulikokuwa tukitazama, ikasikika pumzi: fuuh! Ni sauti nzito kuliko unavyotarajia, na ukiwa karibu unasikia mpaka harufu ya samaki. Walikuwa wanne, na wa tano mdogo, ameganda ubavuni mwa mama yake kiasi kwamba migongo miwili ilichomoza kama mmoja. Ngozi ya mama ina mikwaruzo myeupe, na pezi lake limenyofoka pembeni. Walipita chini ya mashua, yule mama akajilaza upande, akatutazama kwa jicho moja, wakaenda zao. Hakuna aliyeruka. Mtoto wa kiume aliuliza kama na yeye ametuhesabu.

Saa 2 na dakika 40

Tulirudi maji yameshakimbia, tukashukia mbali tukatembea na viatu mkononi. Bibi tulimkuta kwenye mkeka na akinamama wenyeji, ana sahani ya vitumbua na mtoto mchanga wa mtu mapajani, anasimuliwa harusi ya wiki iliyopita. Hakuuliza habari za pomboo mpaka tulipomwambia.

Dimbani tulipita haraka. Msikiti wa pale una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kwenye kibla yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107, na unahesabika miongoni mwa misikiti mikongwe zaidi ya pwani yetu. Kwa nje ni bati na ukuta mweupe, na wageni wengi hupita bila kugeuza shingo. Vaa nguo ya kujistiri, vua viatu, omba ruhusa, utakaribishwa.

Saa 4 na nusu, Paje

"Bahari imekwenda wapi?"

Swali hili nalisikia kila bamvua. Upande wa mashariki pwani ni ya kina kifupi mpaka kwenye mwamba, na maji yakipwa siku kama hii unaweza kutembea nusu saa huna ulichokilowesha zaidi ya magoti. Aliyelipia hoteli ya ufukweni ili aogelee asubuhi hii ana haki ya kununa. Lakini saa hizi ndizo Paje inapofanya kazi: akinamama wanachokoa pweza, watoto wanaokota kaa, na katikati, safu kwa safu, mashamba ya mwani.

Nawaambia wageni mambo mawili. Vaeni viatu, kuna wanyama wa majini wenye miiba mirefu myeusi na hawana masihara. Na msipige picha ya mtu kabla ya kumwomba. Kiti cha pweza mkimwona mtazameni majini. Kumtoa juu kwa ajili ya picha ni kumnyima hewa.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa kisiwani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na Paje ilikuwa miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Mkulima huchomeka vijiti, huvuta kamba, hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja, na baada ya wiki kama sita huvuna, huanika, huuza. Unakwenda viwandani nje kutolewa utomvu wa kugandishia dawa ya meno, vipodozi na vyakula. Wengi wa wakulima ni wanawake, na fedha ile imejenga nyumba na kusomesha. Tatizo ni joto. Kotonii, aina yenye bei nzuri, haivumilii maji ya moto ya hapa karibu na ufukwe. Hugeuka nyeupe na kukatika. Inataka kina kirefu zaidi, na kina kinataka mashua na kujua kuogelea, mambo ambayo akinamama wengi hawakurithishwa.

Bibi aliyekataa mashua alikunja khanga akaingia mpaka katikati ya shamba, akafika kwa mama mmoja aliyekuwa ameketi ndani ya maji akifunga mbegu. Sikuhitajika kutafsiri wala kueleza chochote.

"Na bei anapanga nani, mwanangu? Wewe au mnunuzi?"

"Mnunuzi, bibi."

"Kama zabibu zetu Dodoma."

Wakaongea bei, mvua na wajukuu mpaka maji yalipoanza kurudi, na hapo ndipo nilipomtoa, kwa sababu yakianza hayasubiri mtu amalize salamu. Tukala wali wa nazi na changu wa kupaka kwenye kibanda cha nyuma ya barabara, ambako bei ni ya kibinadamu. Ukitaka kujua kama mkahawa wa Paje utakukata, angalia madereva wanakula wapi.

Saa 8 na nusu mchana, Jozani

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ilitangazwa mwaka 2004. Wageni huja kwa ajili ya kima punju, ambao hawapatikani kokote duniani isipokuwa visiwani kwetu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 iliwakuta zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, lakini bado wamo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Jambo walilopenda watoto ni kwamba kima hawa hula makaa. Majani ya mkungu na mwembe yana vitu vinavyoumiza tumbo, na kipande cha makaa kilichookotwa jikoni kwa watu hupunguza makali yake. Tulimwona mmoja kakaa kwenye uma wa tawi, mkia unaning'inia, ameshika kitu cheusi kwa mikono miwili. Hawana kidole gumba cha maana, ndiyo maana wanashika hivyo. Baba alitaka kumrushia ndizi. Hapana. Ukimzoesha chakula cha mkononi, kesho anakifuata barabarani, na barabara hii imewaua wengi kabla ya kuwekwa matuta.

Ng'ambo ya barabara, kwenye daraja la mbao la mikoko, maji ya jioni yalikuwa yanaingia. Mizizi ya mikoko inayosimama kama miguu ilikuwa imeshafunikwa nusu, na ile ya mchu, mkoko wa aina nyingine, inayochomoza juu mfano wa penseli inazama mmoja mmoja, kaa wadogo wakiparamia shina kukimbia. Mtoto wa kiume alipiga magoti pale akagoma kuondoka. Sikumharakisha. Kwa maoni yangu daraja hili linastahili muda mwingi kuliko kima, ila kima ndio wanaouza tiketi.

Saa 11 na nusu jioni, Forodhani

Wageni wanaobaki hotelini kwao hawaoni makachu, na ni hasara. Maji yakijaa jioni vijana wa Mji Mkongwe hukusanyika ukutani Forodhani, wanarudi nyuma, wanakuja mbio, wanaruka. Mmoja anapinduka mara mbili, mwingine anakaa hewani kana kwamba amekaa kwenye kiti, anayefuata anaingia kichwa chini na ndala mkononi. Hakuna kiingilio; ukifurahi toa chochote. Maji yakiwa machache hawaruki, na mgeni asijaribu kabisa, ukuta ni mrefu na chini kuna mawe.

Baadaye meza za chakula zikawashwa taa. Urojo, miwa inakamuliwa na ndimu na tangawizi, mishikaki, pweza. Uliza bei kabla ya kula, kisha uliza tena unapoongeza. Bibi alikula urojo wa moto akasema una kila kitu isipokuwa ugali.

Saa 3 usiku

Nimewarudisha, nimekung'uta mchanga wa mikeka ya gari, nimehesabu kilichobaki baada ya mafuta na mashua. Kwenye simu kuna ujumbe wa dada mmoja wa Arusha anayetaka safari kesho: "Ni uhakika tutaogelea na dolphin?"

Nikamwandikia kwamba kuwaona, Mungu akijaalia. Kuogelea nao, sitaahidi, na nahodha wangu hawafukuzi. Tiki mbili za buluu, kimya. Nilishaanza kutafuta mgeni mwingine alipojibu.

"Sawa. Tunaondoka saa ngapi?"

Kesho maji yanachelewa karibu saa nzima. Nikamwambia saa 12 kamili, aje na viatu vya kulowa, asile kitu kizito.