Msimu wa beleshi

Baridi ikishika kweli kweli, kazi yetu wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hubadilika. Miezi ya joto watu huwa nje, kwenye bustani na vituo vya basi, na kumsalimia mtu usiyemjua haimshangazi yeyote. Sasa kila mtu ameinamisha kichwa, mikono mfukoni, anauwahi mlango wake. Ukisema "Habari za asubuhi" anakujibu akiwa ameshakupita. Simlaumu, hata mimi nisingesimama.

Leo ni Jumatatu, siku ya matayarisho, yaani ya kufua na kupumzika. Nguo zinazunguka kwenye mashine, mwenzangu wa misheni amelala usingizi wa mchana wa halali kabisa, nami nimepata nafasi ya kuandika.

Tunaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, msimu wowote. Nje giza totoro. Mazoezi kidogo, kifungua kinywa, kisha maandiko. Tukiyafunga ndipo anga linapoanza kupauka. Kuvaa nako ni kazi: fulana ya ndani, shati, sweta, koti, skafu, soksi juu ya soksi, na suruali. Ndiyo, suruali. Hadi Desemba 2018 sisi akina dada wamisionari tulihudumu kwa sketi na magauni, ndipo ruhusa ya suruali ikatolewa kwa misheni zote. Sababu mbili zilitajwa: mbu waenezao magonjwa, na baridi. Sijui nani aliwaweka pamoja, lakini namshukuru mbu. Jumapili na hekaluni bado ni sketi, kwa hiyo Jumapili asubuhi ndipo miguu yangu inapoujua msimu.

Kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya: beji. Ni kile kibao cheusi chenye jina la familia yangu na jina kamili la Kanisa, nacho kinashikwa na sumaku kwa ndani ya nguo. Nje kikae juu ya koti. Ukikaribishwa ndani, koti linavuliwa, basi kihamie kwenye sweta. Ukitoka, kinarudi. Vidole vimekufa ganzi, sumaku imeteleza ndani ya mkono wa koti, na mwenye nyumba ameshika mlango, joto lake linamtoka. Wenzetu wajanja hubeba beji mbili. Kabla ya kubisha hodi tunashusha skafu ili sura zionekane, maana giza linaingia mapema, na watu wawili waliofunika nyuso mlangoni jioni, nani atawafungulia?

Basi siku nyingi tunashika beleshi, tunawasafishia watu theluji. Theluji ya usiku huwa nyepesi, unaisukuma tu bila kuinyanyua. Ukiichelewesha hadi watu waikanyage inakuwa barafu, na barafu inataka kupondwa. Chini ya hapo hujificha utando usioonekana ambao umeshanilaza chali zaidi ya nilivyomwambia mama. Tunamwaga chumvi, ila nayo ina mwisho wake: baridi ikishuka kupita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida haiyeyushi cha maana. Hapo tunatumia mchanga, ambao hauyeyushi kitu ila unaupa mguu pa kushika.

Kuna bibi mmoja anayeishi peke yake ambaye ngazi zake tunazisafisha. Hutusimamia kutoka dirishani. Tukiacha kona, anagonga kioo kwa mkongojo na kuielekeza. Hajawahi kutuuliza tunaamini nini. Juzi alitulazimisha tuingie, akaleta chai. Sasa mkatalie chai mtu mzima aliyekutazama ukitetemeka! Tukamweleza taratibu kwamba chai na kahawa hatunywi, ni katika Neno la Hekima, mafunzo ya afya ambayo Kanisa lilipewa mwaka 1833.

"Basi mnakunywa nini, watoto nyie?"

"Maji ya moto tu, bibi. Tunashukuru."

"Maji matupu? Kama wagonjwa?"

Akaenda akakata limau akinung'unika, akarudi na vikombe viwili vilivyojaa pomoni. Miwani yangu ilikuwa imeingia ukungu, hata sikuona alivyotutazama.

Tulipotoka mwenzangu akasema, "Dada, tumwachie kadi ya mwaliko. Jumapili ni mkutano wa sakramenti, ibada yetu, mlango uko wazi."

Nikakataa. Tukabishana njia nzima hadi kituoni. Hoja yake si ya kubeza: tumetumwa kufundisha, na kama kweli tunaamini tulicho nacho ni chema, kwa nini tumfiche? Mimi naona ngazi ile isafishwe kwa sababu bibi anaweza kuteleza. Ukibandika kadi juu yake, kesho akituona na beleshi atajiuliza anadaiwa nini. Kuna wanaopenda msimu huu kwa sababu huruma hufungua milango. Wanaingia wakitetemeka, wanatoka na miadi. Mimi miadi ya namna hiyo siitaki. Ripoti ya wiki inahesabu watu wanaofundishwa, waliohudhuria, waliopanga tarehe ya ubatizo. Ngazi hazina safu yake, na mimi naona ni afadhali hivyo.

Wazee wawili wa eneo letu (ndivyo tunavyowaita wamisionari wa kiume; wana miaka kumi na tisa, msicheke) wakisikia tunalalamika baridi hutukumbusha wamisionari wa Kanisa wa majira ya baridi ya 1831. Oliver Cowdery, Parley P. Pratt na wenzao walitembea kutoka St. Louis hadi Independence, Missouri, kama kilomita 480 kwenye theluji, na mkate mgongoni ulioganda hadi meno yakawa yanakwaruza ganda la nje tu. Sawa, nimesikia. Lakini Cowdery hakuwa na simu ya kuonyesha ramani inayozimika yenyewe kwa baridi ikisema chaji imeisha.

Simu hiyo ikipata joto inawaka tena, na leo nimempigia mama. Tangu Februari 2019 tunaruhusiwa kuzungumza na nyumbani kila wiki. Waliotutangulia walisubiri Krismasi na Siku ya Mama. Nikamwelekezea kamera dirishani. Theluji haikumshughulisha. Alitaka kuona soksi, akaniamuru ninyanyue mguu. Halafu akauliza, "Na huyo bibi, watoto wake wako wapi?" Sikuwa na jibu, maana sisi nasi hatujamuuliza kitu.

Mwenzangu ameamka. Kesho theluji inatabiriwa tena, tutaanzia kwa bibi. Kadi bado iko mfukoni mwake. Tumekubaliana kwamba bibi akiuliza, yeye ndiye atakayejibu, mimi nitaendelea na ile kona.