Jina adimu la Kijerumani: hesabu kwanza, ramani pili, maana mwisho

Mtu akikutana na jina la ukoo la Kijerumani ambalo hajalisikia popote, hukimbilia kuuliza lina maana gani. Swali hilo lingoje. Jina likishahesabiwa na kuwekwa kwenye ramani, maana nyingi za kubuni zinazosambaa mtandaoni huanguka zenyewe, na zile chache zinazobaki ndizo zinazostahili kufanyiwa kazi. Ukianza na maana, utaishia kuulazimisha ushahidi ulifuate neno ulilokwisha kulipenda.

Tuanze na idadi. Ujerumani haina orodha rasmi ya serikali inayoonyesha kila jina la ukoo lina watu wangapi, kwa hiyo watafiti hutegemea vitabu vya simu. Data inayoaminika zaidi ni ya simu za mezani za Deutsche Telekom ya mwaka 2005. Juu ya data hiyo imejengwa Deutscher Familiennamenatlas, atlasi ya juzuu 7 iliyotoka kati ya 2009 na 2018 chini ya Konrad Kunze na Damaris Nübling, na pia DFD, kamusi ya mtandaoni ya majina ya ukoo ya Ujerumani, ambayo imekuwa ikiandaliwa Mainz na Darmstadt tangu 2012. Chombo kingine kinachojulikana sana, Geogen, kinachochora ramani za majina, kinatumia kitabu cha simu cha mwaka 2002. Data ya miaka ya karibuni haifai, kwa sababu watu wengi wameachana na simu za mezani, na wa simu za mkononi kwa kawaida hawamo kitabuni.

Katika data ya 2005 kuna majina tofauti yapatayo 850,000. Müller peke yake lina laini za simu zaidi ya 250,000, na upande wa pili kuna majina mengi mno yanayoonekana mara moja tu. Laini moja kwa kawaida ni kaya, si mtu, kwa hiyo ili kukadiria idadi ya watu zidisha kwa namba iliyo kati ya 2.5 na 3. Laini 40 ni kama watu 100 hadi 120. Lakini ukipata laini 3, usizidishe chochote. Kwa hesabu ndogo kiasi hicho, mjane mmoja anayeishi peke yake au familia moja yenye watoto watano inatosha kuharibu makadirio yote. Na jina linaloonekana mara moja tu lazima lishukiwe kuwa kosa la chapa mpaka lionekane kwenye hati nyingine.

Kabla ya kuandika "sifuri", tafuta kwa namna zote. Herufi ä, ö na ü huandikwa pia ae, oe na ue. Herufi ß huandikwa ss. Majina mawili yaliyounganishwa kwa kistari huhesabiwa kama jina jingine kabisa, kwa hiyo mwanamke aliyeongeza jina la mume nyuma ya lake hatatokea ukitafuta jina lake la kuzaliwa.

Sasa ramani. Vyombo hivi hutoa ramani mbili: moja ya idadi kamili, nyingine ya uwiano kwa kila watu milioni. Ile ya kwanza karibu kila mara itakuonyesha Berlin, Hamburg, München na Köln, kwa sababu huko ndiko waliko watu wengi. Haikuambii chochote kuhusu asili. Chukua mfano: Berlin yenye watu milioni 3.5 ina laini 20 za jina fulani, na wilaya ya mashambani yenye watu 60,000 ina laini 3. Berlin inatoka na chini ya 6 kwa milioni, wilaya ile inatoka na 50. Ramani ya uwiano itaiwasha wilaya ile, na huenda ndiyo yenye kiini cha ukoo. Ila laini 3 zaweza kuwa baba na wanawe wawili waliohamia huko kwa ajili ya kazi. Ndiyo maana rangi nyeusi kwenye wilaya moja ndogo haitoshi. Angalia wilaya zinazoizunguka: ukoo uliokaa mahali kwa karne tatu humwagikia kwa majirani, na ramani yake hufifia taratibu kuelekea nje.

Je, jina likitapakaa kote bila kiini? Hapo fikiria mashariki. Takriban watu milioni 12 walikimbia au walifukuzwa kutoka Schlesien, Pommern, Ostpreußen, Sudetenland na maeneo mengine mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia na miaka iliyofuata, wakasambazwa huku na huko walikopata nafasi. Kitabu cha simu cha Ujerumani ya leo hakiwezi kuonyesha kijiji kilichopo Polandi. Dawa yake ni kutumia chanzo cha kabla ya mtawanyiko huo, na bora kuliko vyote ni Verlustlisten, orodha za jeshi za waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea za 1914 hadi 1919. Ni kurasa kama 31,000, na watu wa kujitolea wa chama cha nasaba cha CompGen wameziingiza kwenye kanzidata yenye maingizo takriban milioni 8.5, inayotafutwa bure. Kila ingizo kwa kawaida lina jina na mahali alikotoka askari. Kusanya sehemu hizo, zitie kwenye ramani, na jina lililoonekana halina kwao mara nyingi hujikusanya kwenye wilaya mbili tatu.

Usiyahesabu maingizo hayo kama watu. Askari aliyejeruhiwa mara mbili yumo mara mbili, na marekebisho ya makosa yamechapishwa kama maingizo mapya. Orodha zenyewe zilichapwa kwa Fraktur, herufi za chapa za Kijerumani za zamani, ambamo I na J hazitofautiani, s ndefu hufanana na f, k hufanana na t, na N hudhaniwa R. Jina lako likianza na B, litafute pia kwa V. Mahali napo pahakikishwe kwenye GOV, faharasa ya kihistoria ya CompGen, au kwenye Meyers Orts- und Verkehrs-Lexikon ya 1912, kwa sababu vijiji vingi viliunganishwa katika mageuzi ya mipaka ya miaka ya 1970, na vile vya mashariki vina majina mapya.

Jambo ambalo watu hawapendi kuliamini ni kwamba majina mengi adimu ni tahajia tu ya majina yasiyo adimu. Zamani hapakuwa na tahajia moja sahihi. Mchungaji au karani aliandika alivyosikia. Mambo yaliganda pale usajili wa serikali ulipoanza, katika Prusia tarehe 1 Oktoba 1874 na katika Dola yote ya Ujerumani tarehe 1 Januari 1876. Ndugu wawili walioandikishwa na makarani wawili waliweza kuacha majina mawili ya ukoo hadi leo.

Tazama Nietzsche. Mwanafalsafa mwenye jina hilo alizaliwa 1844 Röcken, karibu na Lützen, na tahajia yake ni ya nadra. Lakini Nitsche, Nitzsche na Nitschke, yaliyoenea Sachsen na Schlesien, ni matawi ya shina lilelile: ufupisho wa Nikolaus uliotokea mahali ambapo Wajerumani na Waslavi waliishi pamoja. Ukilitafuta Nietzsche peke yake, umeukata mti ukabaki na jani.

Ili kuyapata matawi kuna Kölner Phonetik, mfumo alioutoa Hans Joachim Postel mwaka 1969. Hubadili sauti za jina kuwa tarakimu: B na P ni 1, D na T ni 2, F, V na W ni 3, G na K ni 4, L ni 5, M na N ni 6, R ni 7, S na Z ni 8. Irabu huondolewa isipokuwa mwanzoni mwa jina. T ikifuatwa na S, Z au C huwa 8, na tarakimu zilezile zikifuatana huachwa moja. Nitsche, Nitzsche na Nietzsche yote yanatoa 68. Nitschke linatoa 684, kwa sababu ya ile k. Mfumo una kasoro mbili za kuzingatia. Hubeba wasiohusika, maana Maas na Nuss nayo ni 68. Na hushindwa mwanzoni mwa jina: Pfister ni 13827 na Fister ni 3827, ilhali Wajerumani wengi wa mashariki hutamka Pf ya mwanzo kama F. Kwa hiyo tengeneza kwa mkono orodha ya mabadiliko ya kawaida: d na t, b na p, ei na ai na ay, ä na e, ü na i, c na k, f na v. Jina la silabi mbili hutoa kwa urahisi tahajia 20.

Kuna pia majina ambayo hayakuwahi kuwapo. Katika vitabu vya kanisa mwanamke aliongezewa -in: binti wa Hofer aliandikwa Hoferin, na wa Wolf aliweza kuwa Wölfin. Waandaaji wa faharasa wasiojua jambo hili wameyaingiza kama majina kamili. Kwenye vitabu vya Kilatini utakuta Molitoris, yaani "wa Molitor", na Molitor mwenyewe mara nyingine ni Müller aliyelatinishwa na padri.

Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, nao huzalisha majina ya uongo. Humo e na n ni vijiti viwili vilivyokaribiana, na u ni vijiti vilevile vyenye kiupinde juu. Kiupinde kikififia, Heune inakuwa Henne. Mstari mfupi juu ya n au m unaongeza herufi ya pili kama hiyo, kwa hiyo Haman̄ ni Hamann. Usisome jina peke yake. Chukua ukurasa uleule, tafuta maneno unayoyajua hakika, kama Johann, Anna, November, na uchore alfabeti ya mwandishi yule kutokana na maneno hayo. Kisha rudi kwenye jina ulilinganishe herufi kwa herufi. Dakika 15 za kazi hiyo zina faida kuliko kuuliza watu kumi wakisie.

Majina yanayotokana na mahali yana kanuni yake. Mtu aliitwa kwa jina la kijiji alichokiacha, na waliomwita hivyo ni majirani zake wapya. Nürnberg kwenyewe kumwita mtu Nürnberger hakukumtofautisha na yeyote. Kwa hiyo kiini cha jina hutafutwa kando ya kijiji husika, mara nyingi mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu. Kijiji kisipopatikana kwenye ramani ya leo, tafuta vijiji vilivyohamwa, ambavyo ni vingi tangu karne za 14 na 15. Na neno "von" ("wa" au "kutoka"), ambalo wengi hulidhani alama ya ukabaila, lisikupumbaze: kaskazini-magharibi wakulima wengi wa kawaida walikuwa nalo.

Westfalen na maeneo jirani inahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu huko jina lilikuwa mali ya shamba. Mwanamume aliyeoa mrithi wa shamba alichukua jina la shamba, na watoto wakaitwa hivyo. Mke akibaki mjane akaolewa tena, mume wa pili naye alichukua jina lilelile. Vitabu huandika "A genannt B", yaani "A aitwaye B", au hutumia gt., modo, vulgo kwa maana hiyohiyo. Amri ya Prusia ya tarehe 15 Aprili 1822 ilizuia kubadili jina bila kibali, ila desturi haikukatika siku moja. Tafuta chini ya majina yote mawili, na usitegemee kwamba wenye jina moja adimu wana damu moja. Kipimo cha kromosomu Y huko hufuata baba, si shamba.

Ukifika hapa ndipo maana inapofaa kuguswa, na lahaja ndiyo mlango. Mwishilio -le ni wa Schwaben, -ke wa kaskazini na mashariki, -sen wa Schleswig-Holstein, -ow na -itz hutokana sana na Kislavi mashariki ya mto Elbe. Schopenhauer ni mfano mzuri. Ni rahisi kuona ndani yake Schoppen, kipimo cha divai cha kusini-magharibi. Lakini mwanafalsafa huyo alizaliwa 1788 Danzig, kaskazini kabisa, na katika Kijerumani cha kaskazini Schope ni upawa; jina ni la fundi wa kuchonga pawa za mbao. Kaiser (mfalme mkuu), König (mfalme) na Bischof (askofu) nayo hayamaanishi kwamba babu alitawala. Yalikuwa majina ya utani, au ya watu waliomtumikia mkubwa huyo. Na yeyote anayekuuzia nembo ya jina la ukoo anakuuzia picha tu, kwa sababu nembo ilikuwa ya nasaba fulani, haikuwa ya kila mwenye jina.

Maana yoyote lazima isimame juu ya andiko la zamani kabisa linalopatikana, si tahajia ya leo. Kufika huko ni kwa kurudi nyuma hatua kwa hatua, na sheria imeweka muda: hati za kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 110, za ndoa baada ya 80, za vifo baada ya 30. Kabla ya muda huo hutolewa kwa ndugu wa damu wa moja kwa moja na wachache wengine wenye haki. Ndiyo sababu ya kuanza na kifo. Hati ya kifo ya 1880 ya mzee wa miaka 75 kwa kawaida hutaja alikozaliwa na wazazi wake, na papo hapo unakuwa na kijiji cha mwaka 1805, na parokia ambayo vitabu vyake unaweza kuvitafuta: vya Kikatoliki kwenye tovuti ya Matricula, bure, na vya Kiprotestanti kwenye tovuti ya Archion, kwa kulipia.