Kipande kwanza, kura baadaye

Leo kwa mama chai hapa Kondele, Kisumu, mjadala ulikuwa moto. Fundi mmoja wa pikipiki kasoma kwamba Uingereza, tangu chaguzi za mitaa za Mei 2023, hupigi kura kituoni bila kitambulisho chenye picha, na wapo wanaolalamika. Akacheka: "Wanalia nini? Babu zetu walidaiwa kipande tangu enzi za mkoloni!"

Nilimwelewa, ila sikukubali. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, ametimiza miaka 18. Alichonacho ni kile kikaratasi cha kusubiri kitambulisho tu, amekikunja ndani ya kava ya simu mpaka wino umeanza kufutika. Akiuliza, jibu ni "bado hakijatoka Nairobi." Ada ya kitambulisho cha kwanza iliondolewa 2025, sawa, lakini nauli ya kwenda kuulizia nani aliiondoa? Na bila kitambulisho au pasipoti hujiandikishi, kwa hivyo hata kwenye hesabu ya waliokosa kupiga kura hayumo!

Ila fundi naye ana hoja. Uchaguzi mkuu wa Kenya wa 2013 walijitokeza karibu asilimia 86 ya waliojiandikisha. 2022 ikawa kama 65. Sharti la kitambulisho lilikuwa lile lile. Waliobaki nyumbani walikuwa wameshajiandikisha, na walijiandikisha kwa hicho hicho kitambulisho. Hao kilichowachosha ni ahadi, na hapa mtaani hawafichi.

Mpwa wangu kesho anarudi tena kuulizia. Mwenye boda ya kwenda mjini asubuhi anicheki inbox, tafadhali, na bei iwe ya kibinadamu.