Siku Moja Maishani Mwangu: Jumamosi ya Mechi na Watu Kumi na Wanne Niliokuwa Nawatafuta

Mimi ni mtu wa mashabiki. Ndio kazi yangu kwa klabu moja ya mpira wa miguu ya wasichana hapa Eastlands, Nairobi, sichezi, sifundishi, yangu ni kuhakikisha wasichana wakiingia uwanjani kuna watu wanawatazama, na wenye wametazama leo mechi ijayo warudi. Kila siku naulizwa hiyo ni kazi gani, so acha niwatembeze Jumamosi iliyopita kutoka alfajiri mpaka usiku.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri

Kabla sijanawa uso nimeshika simu kuangalia kama ratiba imebadilika usiku. Nina sababu. Mechi yetu ya nyumbani iliyopita ilisogezwa Ijumaa saa nne ya usiku, ilikuwa ichezwe saa tisa mchana ikaletwa saa tano asubuhi na uwanja mwingine kabisa, na mimi nikatuma meseji kwa grupu ya WhatsApp nikidhani watu wote wataona. Hawakuona. Watu wakaja uwanja wetu wa kawaida saa tisa wakapata kufuli kwa geti. Nilikuja kuwahesabu mmoja mmoja baadaye, walikuwa kumi na wanne. Kati yao kuna shosho mmoja ametoka Kariobangi na mjukuu, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, kuona kufuli.

Wiki tatu sijalala vizuri juu ya hao kumi na wanne.

Leo ratiba haijaguswa. Saa tisa ni saa tisa. Nikaweka chai.

Saa mbili asubuhi

Niko na daftari kubwa, ile ya kaunta, jalada nyeusi na kona nyekundu. Nimeichora laini kwa rula: jina, simu, mtaa, alikuja na nani, mchezaji gani anampenda, alafu viboksi vya tiki, kila mechi boksi moja. Nilianza na watu ishirini na mmoja, na wengi wao walikuwa ndugu wa wachezaji. Sai iko na kurasa. Mtu akikosa mechi mbili zikifuatana namzungushia duara na kalamu nyekundu na nampigia simu, si meseji, simu. Kuna wenye wanashangaa sana, ati kuna mtu aliona sikuja?

Leo nilianza na wale wa kufuli. Mwenyekiti nilikuwa nimemsumbua mpaka tukatenga elfu tatu, na ahadi yangu kwa kila mmoja ilikuwa moja tu: ukifika upate hakuna mechi, nauli yako narudisha kwa M-Pesa ukiwa bado umesimama pale getini.

Shosho alishika simu mara ya tatu.

"Shosho, habari ya asubuhi, ni mimi yule wa mpira."

"Mpira gani? Ule wa kufuli?"

Nikamwomba msamaha, si ule wa haraka haraka, nikamweleza venye ilitokea na nikamwambia kosa langu lilikuwa kutompigia. Akanyamaza kidogo. Akasema ana nguo za kufua. Nikamwambia sawa shosho, nikaandika "nguo" kando ya jina lake.

Saa nne

Kinyozi ya mtaa ndio ofisi yangu ya habari. Nikibandika posta pale kwa kioo wanaume mia wanaiona kabla ya saa tisa. Jamaa mmoja akingoja kunyolewa, jezi ya Arsenal mwilini, akaniambia "sista, wewe unajichosha, mpira ya wanawake haijawahi kuwa na mashabiki, ndio venye iko." Sikukasirika, hii nimeizoea, lakini sikumwachilia pia. Nikamwambia 26 Desemba 1920, Goodison Park kule Liverpool, timu ya wasichana wa kiwanda iliyoitwa Dick, Kerr Ladies ilicheza mbele ya watu 53,000. Mwaka uliofuata chama cha mpira cha Uingereza kikazuia wanawake kucheza kwa viwanja vya klabu zake, na hiyo marufuku ikakaa karibu miaka 50. Kwa hivyo mashabiki walikuwepo, ndugu yangu, walifungiwa geti.

Kinyozi akazima mashine asikie vizuri.

Huyo jamaa akaruka kwa Barcelona ya wanawake, ati wale ndio wanajaza. Ni kweli, Machi 2022 wakicheza na Real Madrid pale Camp Nou, ule uwanja mkubwa wa klabu, waliingia watu 91,553, na mwezi uliofuata na Wolfsburg wakapita hapo, 91,648. Lakini mechi zao za kawaida walikuwa wanachezea uwanja wa Johan Cruyff, wenye unabeba watu kama 6,000, na wale wa kuja huko hata mvua ikinyesha, hata mpinzani awe timu ya mkia, hao ndio mimi nawatamani. Siku kubwa inakujia mara moja. Nilitaka kujua nani alirudi wiki iliyofuata.

Alafu nikamuuliza yeye alianzaje mpira. Akasema mzee wake ni Ingwe damu, yaani AFC Leopards. Si unaona? Mimi pia nimelelewa nyumba ya Gor Mahia, baba amenisimulia Kombe la Mandela la 1987, lile la vilabu vya Afrika Gor walichukua, mara nyingi hadi naweza kukuambia venye ilikuwa na sikuwa hata nimezaliwa. Hakuna posta ilinileta Gor. Sasa Vihiga Queens, timu ya wanawake ya hapa Kenya, walichukua CECAFA, kombe la vilabu vya wanawake vya Afrika Mashariki na Kati, 2021, hapa hapa Nairobi, wakaenda Misri kwa Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika ikichezwa mara ya kwanza kabisa, na ni nyumba ngapi hiyo hadithi inasimuliwa mtoto akikula? Historia tuko nayo. Tumekosa watu wa kuirudia rudia mezani.

Jamaa hakusema atakuja. Nilimwachia muda wa mechi kwa karatasi.

Saa tano na nusu

Choo.

Naomba mtu asicheke hapa. Ukiniuliza kitu kimoja chenye kinaua mashabiki wa mpira wa wanawake Nairobi, sitasema televisheni, sitasema wafadhili, nitasema choo. Mama anakuja mechi ya kwanza na binti wa miaka minane, kipindi cha kwanza mtoto anataka kwenda, anapelekwa mahali hapana mlango na sakafu iko majimaji, huyo mama humuoni tena na hatakuambia kwa nini, atasema tu alikuwa bize. Nimejifunza hii kwa kupiga simu. Mwanaume anajificha nyuma ya ukuta, mama hawezi. Kwa hivyo kila mechi nanunua mitungi sita ya maji, sabuni, karatasi, na kuna kijana tunamlipa aoshe kabla ya geti kufunguliwa na tena wakati wa mapumziko, na mlango ambao hauna kitasa nimeufungia kamba na msumari. Leo msumari ulikuwa umeng'olewa. Nikatafuta jiwe nikagonga mwingine.

Nikiwa pale nagonga nikawaza uwanja wa Kansas City Current kule Marekani, ulifunguliwa Machi 2024, viti 11,500, umejengwa kutoka msingi kwa ajili ya timu ya wanawake. Nikawaza lazima kuna mtu alikaa na mchoro akapanga vyoo akifikiria akina mama na watoto. Hicho ndicho kinanigusa kuliko hata viti.

Saa saba

Kiingilio. Tunalipisha mtu mzima hamsini, watoto bure. Kuna wenzangu kwa kamati wanataka iwe bure kabisa tujaze uwanja, na tumezozana sana. Mimi nasema mtu akitoa hamsini yake anakuwa na shauri na timu, anauliza kocha mbona namba sita amechezeshwa nyuma. Wa bure akiona jua kali anarudi nyumbani. Lakini nakubali kuna wiki hamsini ni unga wa mtoto, na hao nawajua, na geti langu linawajua.

Ambulensi ilifika saa saba na nusu, nikashusha pumzi, bila hiyo refa hapulizi firimbi.

Saa nane

Wanafunzi thelathini na kitu wa shule ya msingi ya jirani wakaingia na mwalimu wao. Hawa nawakalisha karibu na laini, upande wa benchi letu, wasikie wachezaji wakiitana. Kijana wa spika, huwa tunampa karatasi ya mistari miwili kwa kila mchezaji, ametoka mtaa gani, alisoma wapi, anafanya nini siku za wiki. Namba nne wetu anashona nguo. Akitajwa watoto wanapiga kelele "Fundi! Fundi!" na hilo jina halikutoka kwangu, walilianza wenyewe.

Kasichana kamoja kakaniuliza, "Anti, mtu anaweza kufika mbali na hii?" Nikamwambia 2024 wasichana wa Kenya wa chini ya miaka 17 walienda Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza ya mpira ya nchi hii kufika Kombe la Dunia la FIFA, wakike kwa waume, wakubwa kwa wadogo, na wakapiga Mexico 2-1. Akaniuliza tena, "Wakubwa pia hawajafika?" Hawajafika. Akageuka akaambia mwenzake, mbio mbio, kabla hajasahau.

Saa tisa

Firimbi saa tisa na dakika mbili. Nilisimama getini na daftari, sikutazama mpira. Wa kwanza kati ya wangu wa kufuli alikuwa fundi wa viatu na mke wake. Alafu dada wawili wa Umoja. Alafu yule kijana wa bodaboda, ameleta abiria na akakataa kuondoka. Saba kabla ya dakika ya kumi na tano. Bao letu likaingia, nikalisikia tu kwa kelele na kwa ule mtungi wa lita ishirini vijana wanapiga kama ngoma.

Dakika ya thelathini hivi nikaona kofia ya sufu ya kijani ikipanda pole pole kutoka stejini, na mtoto mkononi. Nguo zimefuliwa. Nilitaka kumlipia kiingilio, akanisukuma mkono, akatoa hamsini yake kwa kitambaa na kuniwekea kiganjani.

Tulifungwa 2-1. Bao la pili ni kona, tulilala, sitaki kulirudia.

Saa kumi na moja jioni

Tumekubaliana na wachezaji dakika kumi na tano kwa fensi baada ya kila mechi, hata wakifungwa, na si rahisi, wengine wana matatu mbili kabla giza na kesho asubuhi wako kazini. Leo kapteni alikuja macho mekundu. Mjukuu wa shosho akampa ndizi, alikuwa ameibeba kutoka nyumbani, imeshakuwa nyeusi kidogo. Kapteni akaimenya pale pale akala yote.

Mlango wa kinyozi nilipita nikirudi. Yule jamaa wa Arsenal sikumuona mechini. Nitapita tena.

Alafu tunasindikiza watu mpaka steji, vijana wanne na makoti ya kung'aa, kwa sababu ile njia ya nyuma saa kumi na mbili si nzuri na mama akiogopa mara moja imeisha hapo.

Saa mbili usiku

Miguu kwa beseni, daftari kwa paja. Kati ya kumi na wanne, tisa wana tiki. Wawili walisema wazi hawataki tena na nawaelewa. Mmoja amehamia Nakuru. Wawili simu hazishikwi, hao ni Jumanne jioni, watu wakiwa wametoka kazini.

Nikiwa nafunga, simu ikalia. Shosho.

"Ile ingine ni lini?"

"Jumapili baada ya hii, saa tisa, pale pale. Nitakupigia Ijumaa usiku, na Jumapili asubuhi tena."

"Piga mapema," akasema, "naenda kanisa ya kwanza."

Nikachukua kalamu, nikaandika kwa laini yake: apigiwe kabla ya saa moja.