Jumamosi Tuliyokigawa Chama

Mwanzoni mwa mwaka 2014 chama chetu cha wataalamu wastaafu mjini Kisumu kilikuwa na majina zaidi ya mia moja katika daftari, na bado hakikuweza kufikia akidi. Katiba ya chama ilitaka theluthi moja ya wanachama wahudhurie mkutano mkuu, nami niliyekuwa katibu nilikuwa nimekwisha kuuahirisha mkutano huo nikiwasubiri watu ambao baadhi yao walikuwa wamehamia kwa watoto wao Nairobi, au walikuwa kitandani kwa maradhi. Palipotokea msiba, hata hivyo, ukumbi ulijaa. Mtu asiyeonekana tangu alipolipa ada ya kwanza alifika na mchango wake, akaketi na kamati ya mazishi hadi usiku, na marehemu alipokwisha kuzikwa Siaya au Nyakach akatoweka tena. Kwa hiyo wale waliosema kwamba wanachama hawakipendi chama hawakuwa wametazama vizuri. Walikipenda pale walipopewa kazi yenye mwanzo na mwisho, ambayo kila mmoja aliijua sehemu yake.

Tatizo la pili halikuwa letu. Serikali ilipoongeza umri wa kustaafu wa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60, mwaka 2009, wale ambao wangetufuata walibaki ofisini, na kwa muda wa miaka mitano daftari letu likawa linapunguza majina bila kuongeza.

Wazo la kukigawa chama katika vikundi vidogo vya kujitolea lilitolewa na mhasibu mmoja aliyechoshwa na kikao cha kamati tendaji kilichojadili bei ya kukodi viti kwa karibu saa nzima. Alitukumbusha kwamba serikali ya kaunti ilikuwa inakaribia kutimiza mwaka wake wa kwanza, kwamba sheria ya fedha za umma inataka makadirio ya bajeti yawe yamefikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na kwamba wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla hayajapitishwa. Akauliza ni nani mjini mwenye uwezo wa kuyasoma makadirio hayo kuliko watu walioyaandika maisha yao yote. Hakujibiwa, lakini hoja yake iliingia kwenye ajenda, na nikaitisha mkutano wa wanachama wote katika ukumbi wa kanisa moja la Milimani, siku ya Jumamosi, mapema ili mvua ya alasiri isitukute ndani.

Aliyesimama kwanza alikuwa mhandisi wa maji, mtu mrefu aliyewahi kuongoza idara nzima na ambaye hata sisi wa rika lake tulimwita Jaduong', yaani mzee kwa Kijaluo. Alikuja na mpango ulioandikwa vizuri. Chama kigawanywe kwa taaluma: wahandisi, matabibu, walimu, wanasheria, wahasibu. Kila kundi liwe na mwenyekiti, makamu, katibu na mwekahazina wake. Niliona nyuso zikichangamka, kwa sababu kila aliyekuwapo aliweza kuhesabu vyeo hivyo na kujiona katika kimojawapo. Laiti kura ingepigwa dakika ile, tungeondoka pale na viongozi ishirini na bila kazi hata moja.

Aliyeuvunja mpango ule alikuwa muuguzi mkuu mstaafu ambaye mji mzima ulizoea kumwita Matroni. Hakupandisha sauti.

"Mwenyekiti," alisema, "naona tunagawana ofisi tulizokwisha kukabidhi funguo zake. Naomba nielezwe jambo moja. Kule Nyalenda watu wanachota maji kwenye visima vifupi vilivyo hatua chache kutoka vyooni. Kisima kama hicho ni cha wahandisi au ni cha matabibu? Ni kundi lipi litakaloamka asubuhi kwenda kukitazama?"

Mhandisi alijibu kwa adabu kwamba kila kazi ina wenyewe.

"Ndiyo maana haifanywi, Jaduong'," Matroni akasema, akaketi.

Baada ya hapo mazungumzo yaligeuka, ingawa si kwa haraka. Tulikubaliana kwamba vikundi vifuate kazi na siyo taaluma, kwamba kimoja kisizidi watu wanane, na kwamba badala ya mwenyekiti kiwe na mratibu ambaye angepokezana na wenzake. Kila kikundi kingekufa chenyewe baada ya mwaka mmoja, isipokuwa wanachama wake waje kuomba kiendelee. Kipengele hiki cha mwisho ndicho ninachokithamini zaidi hadi leo, kwa kuwa nimeona kamati nyingi za nchi hii zikiishi muda mrefu baada ya shughuli yake kwisha, zikilipwa.

Kuhusu kulipwa, tulibishana kuliko nilivyotarajia. Posho ya kikao ilikataliwa bila shida kubwa, lakini nauli ilituchukua muda. Waliotoka Ahero na Maseno kwa matatu walisema, na walikuwa na haki, kwamba kujitolea hakuwezi kuwa kwa wenye gari peke yao. Mwekahazina alipinga hadi mwisho. Uamuzi ukawa nauli irudishwe na chai iwe ya mfukoni.

Hakimu mstaafu mmoja alituokoa kwenye tanzi la kisheria ambalo wengi hatukuwa tumeliona. Chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, chama kilichosajiliwa hakiruhusiwi kubadilisha katiba yake bila kibali cha maandishi cha Msajili wa Vyama, na kukingoja kibali hicho kungetupitisha tarehe ya bajeti. Alitufungulia ibara ya katiba yetu iliyoipa kamati tendaji mamlaka ya kuteua kamati ndogo. Kwenye kumbukumbu za mkutano nikaandika "kamati ndogo", na midomoni vikabaki vikundi.

Halafu nikabandika karatasi ukutani, kila moja na kazi yake, na nikatangaza sharti ambalo nilikuwa nimeliomba kwa mwenyekiti mapema: kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake, na asimpendekeze mwenzake. Desturi yetu ilikuwa mtu kusimama na kusema "napendekeza Mwalimu fulani", mwingine akaunga mkono, na Mwalimu fulani, ambaye hakuwapo, akawa amechaguliwa. Kwa njia hiyo tulikuwa tumejaza nafasi kwa miaka bila kumpata mtendaji. Kwa muda hakuna aliyeinuka. Kisha Matroni akaenda kwenye karatasi ya zahanati, mhasibu akaenda kwenye ile ya bajeti, na mhandisi, baada ya kuvaa miwani na kuisoma kila karatasi kana kwamba ni mkataba, akaandika jina lake kwenye ile ya visima. Karatasi ya kuandika historia ya mji ilibaki tupu, ingawa hatukukosa mzee wa kutusimulia, katika kila mkutano, jinsi reli ilivyofika hapa mwaka 1901.

Kikundi cha bajeti kilipeleka waraka wake kwa wakati. Cha shule kilipata shughuli nyingi kuliko vyote, kwa maana uteuzi wa wanafunzi wa vyuo vikuu ulikuwa umehamia kwa KUCCPS, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, na wazazi waliokuwa wamezoea utaratibu wa zamani hawakujua wawashauri nini watoto wao. Mhandisi alinipigia simu akitaka katibu wa kumwandikia ripoti ya visima. Nilimweleza kwamba hayupo. Ripoti ilifika ikiwa imechapwa kwa vidole viwili, michoro ikiwa ya mkono, na ilikuwa nzuri.

Katika mkutano mkuu uliofuata akidi ilipatikana, na sharti niseme kwamba tulikuwa pia tumefuta majina ya wasiolipa ada. Taarifa za vikundi zilichukua asubuhi nzima. Uchaguzi wa viongozi, ambao zamani ulikuwa na kampeni za chini kwa chini, ulipofika ulikosa wagombea, kwani hapana aliyetaka kuacha kikundi chake aje kuongoza vikao. Mimi nilirudishwa bila kupingwa. Nafasi ya mwekahazina ilikaa wazi hadi Matroni alipokubali kuishika, kwa sharti kwamba vikao vya kamati visiwekwe Jumanne, siku ya zahanati.