Sabufa kwenye chumba cha umbo la L: wiki tatu za kuhangaika

Wiki ya kwanza

Sabufa, ile spika ya noti za chini, niliiweka kando ya televisheni kwa sababu palikuwa na nafasi, na waya wa mita 2 uliokuja nayo ulifika. Sababu zote mbili mbovu. Ukisimama mlangoni besi inakupiga kifuani. Ukikaa kwenye kochi, ambako ndiko tunakosikilizia, imetoweka. Nikaongeza sauti: mlangoni ikawa kero, kochini patupu vilevile.

Nikachukua futi kamba. Mkono mrefu wa chumba una mita 4.2, na kochi liko katikati yake kabisa. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu huo, unapata kama Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Kwenye masafa hayo wimbi linalokwenda na linalorudi kutoka ukutani hukutana na kusimama: karibu na kuta mvumo mkubwa, katikati kimya. Na mimi nimekalia kimya hicho! Chumba cha L hakitii hesabu hii barabara, lakini nilipocheza toni ya Hz 41 na kutembea polepole, ilififia hatua moja tu kutoka kwenye kochi. Kuongeza sauti hakuwezi kutibu hilo, maana linalokwenda likiongezwa nguvu, na linalorudi huongezeka.

Wiki ya pili

Kochi limerudishwa nyuma sentimita 70. Nyumbani wamelalamika kwamba njia imebana, na kweli imebana.

Kisha ile mbinu ya kutambaa. Sabufa nikaipandisha juu ya kochi, mahali pa msikilizaji, nikaweka kipande chenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, halafu nikapiga magoti na kuzunguka chumba kichwa kikiwa karibu na sakafu. Panaposikika vizuri ndipo pa kuiweka, kwa kuwa chumba hakijali kipi kiko upande upi, sikio au spika. Kwenye kona ya mbali nguvu ilikuwa tele, ila noti moja inanguruma na jirani zake zinamezwa. Kwenye ile pembe inayochomoza ndani, pale mikono miwili ya L inapokutana, kila noti ilihesabika. Nilirudia mara tatu nikitumaini jibu lingine, maana pembe hiyo haina soketi na iko ng'ambo ya mlango.

Basi nikanunua waya wa mita 8 wenye ngao ya kuzuia mwingiliano, nikaupitisha juu ya fremu ya mlango. Unapokutana na waya wa umeme nimeuvusha kwa kukata msalaba, usilale sambamba nao.

Wiki ya tatu

Mvumo. Mmmmm usiokoma, hata muziki ukiwa umezimwa. Sabufa ilikuwa kwenye soketi ya ukuta mwingine, kwa hiyo nikaiunganisha pamoja na amplifaya kwenye soketi moja. Ukapungua, haukuisha. Nilipochomoa waya wa antena nyuma ya televisheni, kimya! Ngao ya ule waya ilikuwa imefungwa ardhini huko nje, mkondo ukapata njia ya pili ya kuzunguka. Nimeweka kwenye waya wa antena kitenganishi kidogo kinachokata njia hiyo ya mkondo, kazi imekwisha. Kuna aliyenishauri nikate pini ya ethi kwenye plagi. Hapana. Hiyo ndiyo inayokulinda umeme ukivujia kwenye bodi ya kifaa.

Mgawanyo wa masafa, yaani mpaka ambao chini yake sauti huachiwa sabufa, nimeuacha Hz 80 kwenye amplifaya, na ule wa kwenye sabufa nimeufungua hadi mwisho ili visichuje mara mbili. Swichi ya fezi, inayogeuza mtetemo wa sabufa uende sambamba au kinyume na ishara inayopokea: kwenye 0 besi ilikuwa nyembamba pale inapopokezana na spika za mbele, kwenye 180 ikajaa. Nimeiacha hapo.

Kilichobaki ni mlango wa kabati unaotetemeka noti za chini zikifika. Kesho naubandika kipande cha kitambaa kinene.