Siku moja na orodha ninayoichora mwenyewe

Saa 2:00 asubuhi. Nimepokea simu ya dada mfamasia wa duka la dawa linalotumia programu yangu ya stoo. Anasema kila ikikaribia adhuhuri orodha ya dawa hupoteza rangi, na asipoifunga programu na kuifungua upya hawezi kutambua kwa haraka dawa inayokaribia kwisha muda.

Rangi hizo hazipakwi na Windows. Orodha nimeiwekea sharti la kuchorwa nami, kwa hiyo kila mstari unapotakiwa kuonekana Windows huniletea ujumbe wa WM_DRAWITEM, nami hupaka pembeni utepe wa kijani, njano au nyekundu kulingana na siku zilizobaki.

Saa 3:30. Nafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila programu inatumia nini, naongeza safu inayohesabu vitu vya GDI, yaani zana za kuchorea ambazo programu huziomba Windows, kama brashi ya kupakia rangi, kisha nateremsha orodha ukurasa baada ya ukurasa. Hesabu inapanda: 214, 234, 254, wala hairudi nyuma. Dirisha linaonyesha mistari 20, na kila mstari unaochorwa unaunda brashi mpya ambayo sikuandika popote kwamba ifutwe. Kwa kawaida Windows huiruhusu programu moja vitu 10,000, maana yake orodha ikichorwa upya takriban mara 500, CreateSolidBrush, amri ya kuunda brashi, haitoi tena brashi na utepe haupakwi. Katika duka lenye wateja wengi, mara 500 ni kazi ya asubuhi moja.

Saa 4:45. Ningeweza kuita DeleteObject, amri ya kufuta brashi, mwishoni mwa kila mchoro, lakini rangi ni tatu tu. Naunda brashi tatu dirisha linapofunguka na kuzifuta linapofungwa.

Saa 8:00 mchana. Orodha inapepesa inapoteremshwa. Nachora kwanza kwenye picha iliyo katika kumbukumbu, kisha nainakili kwenye skrini kwa mkupuo mmoja. Inatulia.

Saa 9:30. Naipitia kwa vishale vya kibodi, kama anavyofanya mfamasia. Mstari uliochaguliwa nilikuwa naupaka buluu wote, hivyo utepe mwekundu ulifichika kwenye dawa ileile anayoitazama. Anayejitwalia uchoraji hujitwalia pia jukumu la kuonyesha mstari uliochaguliwa. Nauacha utepe ubaki, na juu yake naandika idadi ya siku, kwa ajili ya wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Saa 11:00 jioni. Baada ya nusu saa ya kupandisha na kuteremsha, hesabu imesimama pale pale, 137. Nimemtumia toleo jipya, na nimemwomba kesho aliache wazi tangu anapofungua duka hadi anapolifunga.